Wembe Nyuma ya Goli

Nilipokuwa mtoto, kwetu Guta, goti la baba yangu lilijulikana kuliko jina lake. Watu walimwita Meneja Goti, hata kanisani. Zamani alikuwa mshambuliaji wa timu moja ya Musoma mjini, na wakubwa walisema akipata mpira upande wa kushoto, mashabiki walikuwa wanasimama kabla hajafanya chochote. Mimi sikuwahi kumwona akicheza. Nilimkuta anachechemea.

Habari ya lile goti niliisikia kwa bibi, mama yake baba, tulipokuwa tunachambua pamba uani. Kwetu mtu akifiwa na mzazi, hunyolewa nywele nyumbani kwa marehemu, pamoja na ndugu zake wote. Kabla hajanyolewa hatoki kwenda kushindana na mtu, iwe kesi, iwe ngoma, iwe mpira. Babu alipozikwa, baba alitaka kurudi Musoma kabla ya siku ya kunyoa, kwa sababu timu yake ilikuwa na mechi. Bibi alimshika begi.

"Nilimwambia, mwanangu, mwenye msiba hashindanagi. Kaa tunyolewe kwanza," bibi alisema, huku akitenga pamba chafu na nyeupe. "Akanijibu, mama, timu inanisubiri. Sasa timu iko wapi? Aliyebaki na goti ni nani?"

Mechi ile ndiyo iliyomvunja. Hakucheza tena.

Baba akisikia hadithi hiyo alikuwa anacheka. "Goti lilivunjwa na beki," alisema. "Na yule beki alikuwa na nywele nyingi kuliko mimi."

Alirudi Guta, akalima pamba kama watu wengine, mpaka vijana walipoanzisha timu wakamwomba awe meneja. Kwenye timu ndogo kama ile meneja ndiye kocha, ndiye anayepanga kikosi, na ndiye anayewakanda wachezaji misuli. Nadhani ilikuwa furaha yake pekee, ingawa hakuwahi kuiita hivyo. Mama alishinda shambani, kwa hiyo mimi nilimbebea baba mfuko wa jezi. Nilikuwa darasa la nne, mtoto wa kunyamaza. Watu walisahau kwamba nipo, wakaongea.

Timu ilikuwa pia na kamati ya ufundi. Wanaofuata mpira wanajua kwamba kamati hiyo haifundishi mtu kupiga mpira. Inashughulika na mambo ya kienyeji, na ya kwetu iliongozwa na Mzee Wambura, ambaye hakuwahi kucheza hata chandimu. Ndiye aliyeamua tuingie uwanjani kinyumenyume, au tusipite getini, tupite kwenye tundu la ua wa michongoma mpaka jezi zinachanika. Baba hakubishana naye. Alisema, "Hata nikiambiwa niingie kwa magoti naingia, mradi tukifika ndani tuwe kumi na moja."

Mwaka ule tulifika mchezo wa mwisho wa wilaya, tucheze na timu ya Mugeta pale Bunda mjini. Mshindi angeingia ligi ya mkoa. Mwenyekiti wa timu alikuja mazoezini akasema mbele ya wachezaji, "Meneja, ukishinda hii timu ni yako mpaka uzeeke. Ukifungwa, tutakushukuru, tutatafuta mwingine." Baba aliitikia kwa kichwa.

Wiki hiyohiyo mshambuliaji wetu, Mafuru, akafiwa na mama yake, kwao Butiama. Mafuru ndiye aliyekuwa anatufungia karibu magoli yote. Baba alikwenda kuzika na baadhi ya wachezaji, akamwambia Mafuru akae na ndugu zake mpaka mambo yaishe. Siku ya kunyoa iliangukia siku ya mechi. Baba alirudi akaanza kumfundisha kijana mwingine kusimama mbele, kijana mwenye mbio lakini asiyeona goli liko wapi.

Siku ya mechi tulipofika Bunda, Mafuru alikuwa ameshafika. Alishuka kwenye lori la mchanga akiwa na viatu vyake vya mpira mkononi. Mashabiki wetu walishangilia kama tumeshapata goli. Baba hakumwona, alikuwa upande wa pili akizungumza na mwamuzi. Mimi nilikuwa nyuma ya goli nimekalia mfuko wa jezi, na huko ndiko Mzee Wambura alikomleta.

Ni Mzee Wambura aliyemtumia ujumbe aje. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anaogopa nywele zile kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Kwa hiyo alikuwa amejiandaa na wembe mpya, kipande cha sabuni na maji kwenye kopo. Alimkalisha Mafuru juu ya kreti la soda, akamlowesha kichwa, akaanza kunyoa juu ya sikio.

"Tulia, mwanangu," alisema. "Zikishatoka hizi msiba umekwisha. Unaingia uwanjani safi."

Mafuru alitulia. Nilimtazama usoni. Hakuwa na huzuni, hakuwa na hasira, hakuwa na kitu chochote. Maji ya sabuni yalimteremka mpaka kwenye jicho na hakulifumba.

Baba alifika anachechemea haraka, nadhani kuna mtu alimwambia. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeshanyolewa.

"Mzee, unafanya nini?"

"Namnyoa. Si nywele ndizo zinatuzuia?"

"Huyu ananyolewa kwao, na shangazi zake. Wewe ni shangazi yake?"

Wachezaji walicheka kidogo. Mzee Wambura hakucheka. "Msiba wa mchezaji ni msiba wa timu, meneja. Mama yake ni mama yetu."

"Mama yetu amezikwa wapi? Maana mimi nilikuwepo makaburini, wewe sikukuona."

Mzee Wambura akausuuza wembe kwenye kopo. Mwenyekiti naye akafika, akaangalia kichwa cha Mafuru, akamwangalia baba. "Meneja, muda umekwisha. Wewe si hunaga imani na haya mambo? Mpange acheze."

Ni kweli, baba alikuwa amecheka mambo hayo maisha yake yote. Lakini alichuchumaa mbele ya Mafuru, jambo ambalo goti lake halikumruhusu, kwa hiyo mguu mmoja ulibaki umenyooka pembeni.

"Mdogo wangu, unaweza kucheza?"

"Naweza, meneja. Mimi niko sawa."

"Unajisikiaje?"

"Sijisikii chochote. Niko sawa kabisa."

Baba alimfuta sabuni jichoni. Halafu alisema, taratibu, "Hata mimi siku ile nilikuwa sawa kabisa."

Aliita bodaboda. Alimfunga Mafuru kilemba cha jezi ili watu wasimcheke njiani, akamwambia dereva asisimame popote mpaka Butiama. Mwenyekiti alisema maneno mengi ambayo sitayaandika. Mashabiki waliokuwa wanashangilia walianza kuzomea, na mmoja akapaza sauti, "Goti, basi ingia wewe!"

Tulifungwa moja bila. Goli lenyewe silikumbuki. Nakumbuka yule kijana mwenye mbio akipita peke yake mbele ya kipa wao na kupiga mpira juu, ukaenda kuangukia kwenye mahindi ya mtu. Baba hakushika kichwa kama wengine walivyofanya. Mechi ilipokwisha mwenyekiti alimshukuru, kama alivyoahidi, akachukua filimbi na mipira.

Tulikaa pembeni ya barabara kusubiri gari la Guta. Sikuwa mtoto wa kuuliza, lakini siku hiyo niliuliza.

"Baba, kumbe ni kweli nywele zilikuvunja goti?"

Nilidhani atasema habari ya beki. Aliangalia barabara.

"Yule beki nilimwona anakuja," alisema. "Nilimwona toka mbali. Nilikuwa na muda wa kuruka. Sikuruka tu."

Gari lilikuja, tukapanda. Hatukuzungumza habari hiyo tena, wala baba hakupewa timu nyingine. Jioni alipopita karibu na uwanja alikuwa anasimama kidogo, kisha anaendelea na safari yake.

Mafuru tunaonana naye mjini Musoma mara mojamoja. Ndugu zake walimsubiri siku ile. Shangazi yake alipoona kichwa kimenyolewa nusu aliuliza ni kinyozi gani mlevi, watu wakacheka msibani, na katikati ya kile kicheko Mafuru akaanza kulia, akalia mpaka asubuhi. Hakufika mbali kimpira. Anauza vipuri vya pikipiki na miguu yake yote miwili ni mizima.

Watu wakisikia hadithi hii hubishana kama bibi alikuwa na haki. Mimi niliishia darasa la saba, siwezi kuwaamulia. Sidhani kama nywele zinavunja mguu. Lakini nadhani wazee waliokataza walikuwa wameona watu wengi waliofiwa wakitembea kama Mafuru, wakisema wako sawa, na hawakupata namna nyingine ya kuwashika begi. Baba alilijua hilo kwa mwili wake, akalipa kwa kitu alichokipenda. Sijawahi kumsikia akisema angefanya tofauti.

Tulimzika baba mwezi uliopita. Tumeshanyolewa, ndugu wameondoka. Wifi yangu amepiga simu kutoka Mukendo, kule Musoma mjini, anasema meza yangu ya dagaa imekaa bure na wateja wanahamia kwa wengine. Nimemjibu nimesikia. Nimekaa hapa uani kwa bibi na mtoto wangu ananyonya. Sijalia bado, na sina haraka.