Mlango Uliotutekenya

Nyinyi mliokuwa wadogo wakati mmoja na mimi, katika vijiji vya njia ya Horohoro, mtakumbuka jinsi nguzo za umeme zilivyotufikia. Zililetwa na lori zikalazwa kando ya barabara, zikakaa hapo mpaka tukazizoea. Tulizigeuza farasi. Tukitoka shule tulizipanda tukiwa tumepangana, na ile dawa nyeusi waliyozipaka iliganda kwenye kaptura zetu pahala pamoja, kila mtoto doa lake nyuma. Mama zetu walifua huku wakitutukana, na kesho yake tulipanda tena.

Wakati ule tulisomea koroboi. Asubuhi mwalimu wa darasa la tatu alitutazama pua zilivyojaa masizi akasema, "Pengeni kwanza, ndipo tuhesabu." Tulikula mihogo ya nazi asubuhi na bada, ugali wa muhogo, kwa samaki mkavu jioni, tukalalamika kuwa ni chakula kile kile. Leo nikiipata bada mjini Tanga nala polepole ili isiishe.

Nguzo ziliposimamishwa, wenye nyumba za bati waliambiwa watafute fundi wa kufanya waringi, kupitisha nyaya ndani, kisha ndipo waunganishiwe. Baba alitaka fundi wa mjini. Baba alikuwa Msambaa wa Bumbuli, alishuka kuja kufanya kazi ya mkonge upande wa Maramba, akaoa pwani, akabaki. Alieleza sababu zake zote. Mama alimsikiliza huku akikuna nazi, hakumkatiza. Alipomaliza, mama akasema, "Kaka yangu yu hai, anapumua, nami nilete mtu baki apande kenchi za paa langu? Watu wataniuliza nimemzika lini."

Kaka huyo ndiye Mjomba Mbwana. Sijui kwenu, lakini kwetu mjomba akishatajwa, baba huweza kwenda kuangalia minazi yake. Tena Mjomba alikuwa na jina. Redio za kijiji kizima zilipita mikononi mwake, na ni yeye aliyekifanya kipaza sauti cha msikiti kiache kukoroma, adhana ikasikika mpaka kijiji cha pili. Mtu aliyempa muadhini sauti, nani angemtilia shaka kwa taa ya chumbani?

Alikuja na bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini, na koleo lililofungwa mpira wa baiskeli. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, bati juu, na mlango wa chuma ambao baba aliununua kambi ya mkonge ilipovunjwa. Ulikuwa mlango wa pekee wa chuma kijijini na tuliringa nao. Mjomba alipitisha nyaya juu ya kuta, chini ya bati. Juu ya fremu ya mlango waya haukufika, akaunga. Pale alipounga alizungushia mfuko wa mkate, akauchoma kwa kiberiti mpaka ukashikana. Tulisimama chini vichwa juu, tukiona uchawi.

Baba ndiye aliyeshika ngazi. Kambini alikuwa amewaona mafundi wakichimbia ardhini chuma wanachokiita ethi, ili umeme ukipotea njia uishie chini badala ya kuishia kwenye mtu. Akauliza kwa upole, "Shemeji, ethi hatuchimbii?"

Mjomba alicheka mpaka ngazi ikatikisika. "Ethi ni ya majumba ya saruji, shemeji. Hii nyumba ya udongo, imekaa juu ya udongo. Yenyewe ni ethi tupu. Nyinyi wa milimani mkiona ardhi mnataka kuchimba tu, mnadhani kila mahali pana viazi."

Sisi watoto tulicheka. Mama alicheka. Baba naye akacheka, akaendelea kushika ngazi. Karatasi ya kuombea umeme ilipotaka muhuri wa fundi mwenye leseni, Mjomba alikuwa na rafiki yake aliyeupiga bila kufika.

Siku taa ilipowaka, mama alisomesha dua. Alipika wali wa nazi na kuku wawili, na Mjomba akawekwa katikati ya mkeka, chini ya taa kabisa, jasho likimtoka kwa joto lake, asikubali kusogea. Mama alikuwa akimtazama kaka yake kama vile jua amelileta yeye. Sijaona tena uso wa mama ukiwa vile.

Masika ya kwanza ndiyo yaliyoleta mchezo. Dada yangu Mwanahamisi, mkubwa wangu, alirudi madrasa amelowa, akashika komeo la mlango, akaliachia, akalishika tena. Kisha akacheka. "Njooni," alisema, "mlango unatekenya."

Na kweli ulitekenya. Ulikuwa kama sisimizi wanaokimbia ndani ya mkono mpaka kwenye kiwiko. Habari ilienea. Mvua ikinyesha, watoto wa kijiji walikuja kwetu kama wanaokwenda harusini, na mabungo na ukwaju mifukoni vya kutuhonga ili waingizwe kwenye mstari. Tulishikana mikono. Wa kwanza alishika komeo, wa mwisho alisimama peku ndani ya dimbwi, na waliokuwa katikati walivaa kandambili wakatetemeka kidogo tu. Mimi nilishika katikati, mahali pa watu waoga. Wa mwisho alikuwa Mwanahamisi siku zote. Meno yalimgongana, macho yakamtoka, na huku anacheka. Hakuna mtoto wa kiume aliyeweza kukaa dimbwini kama yeye, ingawa wengi walijaribu na kuondoka wakisema wameitwa nyumbani.

Mama alitufukuza kwa mwiko. Halafu akamwita kaka yake. Mjomba akaweka kiganja mlangoni, akainamisha kichwa kama anayesikiliza tumbo la mgonjwa, akasema, "Ni baridi ya masika hii. Ukuta ukikauka itaacha." Ukuta ulipokauka, ikaacha. Mwaka wa pili ikarudi, ukuta ukakauka, ikaacha. Basi kila mwaka Mjomba alikuwa amesema kweli.

Nyumba ikajifunza adabu ya mlango wake. "Kamata kwa nguo," mama alituambia, na tukakua tukishika komeo kwa pindo la shati. Yeye alitumia ncha ya kanga. Mgeni aliambiwa, "Karibu, lakini usishike mlango," naye akapita amejikunyata, akidhani labda rangi haijakauka.

Tukakua. Baba alifariki kitandani kwa maradhi yake, na Mjomba ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Mwanahamisi aliolewa Ushongo. Mimi nilimaliza la saba, nikaenda Tanga mjini, nikapata kazi ya kutia mikate kwenye mifuko. Sina maneno mengi, na kazi ile haidai maneno.

Pale ninapopanga kuna watoto. Watoto wa siku hizi mvua ikinyesha hawajui kama imenyesha. Kila mmoja amekaa ukutani na simu yake imechomekwa, waya mfupi, shingo imeinama, kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba isiyofika kwenye majani. Nikiwaambia kwamba sisi tulikuwa tukicheza kwa kushikana mikono, wananiuliza tulikuwa tunashikana ili iweje.

Mwaka jana, kabla ya masika, kulinyesha mvua ya siku moja nami niko nyumbani kumtembelea mama. Nikashika komeo kwa pindo la shati kama desturi. Haikuwa sisimizi tena. Ilinipiga kupitia nguo mpaka begani, na usiku ule nilimsikia mama akitoka na kuingia, nami nalala nikihesabu kila komeo linapolia. Nikaona mama yangu atakufia mlangoni. Nikaapa nyumba ifungwe nyaya upya kabla mvua hazijaanza.

Nilitafuta fundi mjini, tukaelewana, akaja kwa pikipiki. Alikuwa kijana wa rika langu, mwenye miwani ya jua na maneno yaliyotutosha sote wawili. Alipeleka bisibisi yake mlangoni, kitaa kikawaka. Akapanda, akachungulia juu ya fremu, akaona mfuko wa mkate uliogeuka masizi.

"Nani aliyefunga hii nyumba?" akasema kwa sauti. "Huyu hakufunga umeme, huyu alitega mtego."

"Ni mimi," ikajibu sauti ya barazani.

Mjomba alikuwa amekaa pale muda wote. Macho yake yalikuwa yamekwenda, alikuwa akitambua watu kwa kikohozi. Fundi alivua miwani, akashuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kazi njema." Kisha akawa anapapasa ukingo wa baraza kama anayetafuta kitu alichokiangusha.

Mama alinivuta nyuma ya nyumba. "Mpe mgeni wako chai, halafu umrudishe alikotoka."

"Mama, mlango umezidi. Umenipiga kupitia shati."

"Nasikia."

"Utakuua."

"Sikiliza. Kaka yangu macho yamekwenda, kazi imekwenda, redio zenyewe watu hawana tena. Amebakiwa na nyumba hii moja, akikaa hapo mbele mtu akipita anasema, Mbwana ndiye aliyeiwasha. Sasa wewe unataka kuing'oa mbele yake. Ukishaing'oa, yeye akakae wapi?"

Nilimwambia kwamba tungeweza kungoja siku Mjomba hayupo. Akasema kipofu anajua kila kitu kinachong'olewa. Nikasema tena kuhusu mvua. Akasema, "Tutakamata kwa nguo, kama siku zote." Fundi alikunywa chai yake, akaniambia pembeni kwamba angekuwa mimi asingelala, akawasha pikipiki.

Masika yakaja. Mwanahamisi akatoka Ushongo kuja kumwona mama, hakuwa amefika kwa muda mrefu. Kule kwake milango ni ya mbao. Mvua ilimkuta njiani, matope yakamzidi, akavua viatu akavishika mkononi. Mama alikuwa jiko la nje, alimwona akikimbia uwanjani huku anacheka, kama alivyokuwa akirudi madrasa. Mama akaita, "Nguo, Mwanahamisi, nguo." Lakini mnajua bati linavyolia kwa mvua. Mwanahamisi aliinua mkono wenye viatu kumwamkia, na kwa mkono mwingine akashika komeo.

Mama ameniambia jambo moja tu juu ya pale mlangoni, nalo kaniambia mara moja. Alipomwona anatetemeka, meno yanagongana, kwa muda kidogo alidhani anacheza.

Tulimzika siku ile ile, mvua ikinyesha kaburini. Watu wa matanga walisema ilikuwa siku yake, na hakuna aliyetaja ethi. Baada ya matanga Mjomba aliomba ngazi. Nikaishika kama baba alivyoishika. Umeme ulikuwa umeshazimwa kwenye mita, naye akapanda akipapasa, na koleo lake lile la mpira wa baiskeli, akakata waya mmoja mmoja mpaka nyumba ikaisha. Aliposhuka alikwenda kwake, na tangu siku ile hakai tena barazani petu. Mama humpelekea chakula. Anasema wanakula wote wawili, na hajui kama kaka yake amemsamehe, wala kama yeye amemsamehe kaka yake.

Nyumba imerudi kwenye koroboi. Pua ya mama ina masizi kama zetu za darasa la tatu. Mlango ni chuma tu sasa, hauna kitu ndani yake, lakini nikienda naona bado analishika komeo kwa ncha ya kanga. Nilimwambia, "Mama, hamna kitu tena." Akaniambia, "Najua."

Nami mjini hufungua chumba changu kwa pindo la shati, mlango wa mbao, wapangaji wananicheka. Mvua ikianza, watoto wa pale hukimbilia ndani, kila mmoja kwenye ukuta wake. Zamani mvua ilitukusanya nje, tukashikana mikono kutoka mlangoni mpaka dimbwini, nami nikasimama katikati na kandambili zangu. Nikisikia bati likilia naupanga ule mstari upya kichwani, nawaweka wote mahali pao. Mwanahamisi namtoa dimbwini, navua kandambili, nasimama pale mimi.