Ngozi ya Kairu na Fahali wa Siakago

Mama Wanja ndiye aliyenipigia simu. Mumewe, Njeru, ni rafiki yangu tangu ujana, na ng'ombe wangu wa nyama wamekaa kwake Ishiara, kwenye joto la Mbeere, miaka mingi. Ndivyo tufanyavyo watu wa milimani tusio na malisho: unamkabidhi rafiki wa nyanda za chini ng'ombe wako, yeye huchunga na kukamua, na katika ndama wanaozaliwa hukosi kumkatia fungu lake.

"Baba Kanana," alisema, "yule mtamba wako, Keru, ameanza kutaka dume. Tumpandishie ng'ombe wa aina gani? Njeru hawezi kukuuliza. Nakuuliza mimi."

Nilijua kwa nini Njeru hawezi. Mama yake Keru aliitwa Kairu, zebu mweusi, ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, mdogo wa umbo. Miaka michache nyuma nilikuwa nimeona Sharolei, fahali wa nchi za baridi, kwenye maonyesho ya kilimo Meru: mweupe, mpana kama kitanda, utepe shingoni. Nikaagiza mbegu yake, Kairu apandikizwe. Njeru alinionya kwamba Kairu hajawahi kuzaa na nyonga zake ni nyembamba. Nikamjibu, "Wewe chunga. Mwenye ng'ombe ni mimi." Ndama alivutwa kwa kamba, akatoka hai. Kairu hakusimama tena.

Mila ya kukabidhiana ng'ombe inasema mnyama akifia kwa mchungaji, mwenyewe apelekewe ngozi, iwe ushahidi kwamba hakuuzwa wala kuliwa kwa siri. Njeru aliniletea ngozi ya Kairu, imekaushwa vizuri, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Nami niliipokea, nikasema asante, nikaitundika ghalani. Tangu hapo tulisalimiana kwa simu wakati wa Krismasi tu.

Nilimwambia Mama Wanja nitakuja mwenyewe. Alfajiri, nyumbani Nkubu. Niliishusha ngozi, nikaiviringisha na kuifunga kwa kamba ya katani. Salim, mfanyabiashara wa Meru mjini anayesafirisha ndizi, alikuwa anashuka Ishiara kwa pikapu yake, akanichukua.

"Mzee, hiyo unaenda kuuza?"

"Nairudisha."

"Ngozi hairudishwi, mzee wangu. Ng'ombe akishavuliwa koti, basi."

Mitunguu tulisimama kupakia mashina ya migomba. Ni zawadi nzuri kwa mtu wa ukame, kwa sababu ukiyakatakata ng'ombe hula na kupata maji humo humo. Kutoka hapo barabara iliteremka, kijani kikabaki nyuma, migunga na mawe vikaanza. Tulipovuka daraja la Thuci nilikuwa nimevua sweta na koti.

Ishiara, jua likiwa limepanda. Njeru alikuwa amesimama mlangoni pa zizi. Amekonda, lakini ulimi ni ule ule.

"Mumeru amekuja na chakula chake mwenyewe," alisema akitazama migomba. Kisha akaiona ngozi, akanisogezea kigoda.

Mama Wanja alituletea uji wa mawele. Nilipomaliza kibuyu, niliiweka ngozi miguuni pa Njeru. "Wewe hukupaswa kuniletea hii," nikasema. "Mimi ndiye niliyemuua Kairu. Wewe uliniambia."

Aliipapasa upande wa manyoya, polepole, kama mtu anayetafuta kupe. "Twende ukamwone mtoto wake," akasema.

Keru alikuwa kivulini. Rangi ya majivu, mgongo mnene wa baba, miguu mifupi ya mama. Mama Wanja alimlea kwa maziwa ya mbuzi ndani ya chupa ya soda, na mpaka leo humfuata kama mbwa.

"Mwili ni mzuri," Njeru alisema. "Lakini saa sita wenzake wanakula, yeye anahema. Damu ya baridi hiyo. Ukimwongezea nyingine, atakufa kwa joto au kwa kuzaa."

Mama Wanja alikuwa anamkuna shingo. "Huyu akienda kama mama yake," alisema bila kunitazama, "mimi sitachunga tena ng'ombe wa mtu."

Mchana, Siakago. Salim alitupeleka kwa jamaa mmoja, Ireri, mwenye mafahali. Alikuwa na Boran mwekundu, fahali wa nchi kavu, nundu iliyosimama, ngozi ya shingo ikining'inia, manyoya mafupi ya kung'aa. Pembeni yake palikuwa na chotara wa Simental, damu nyingine ya baridi, mkubwa kama lori. Macho yangu yalikwenda kwa nani? Kwa lori. Njeru aliniona, akacheka.

"Watu wa milimani! Mnanunua ng'ombe kama gari, mnaangalia bodi. Hamuulizi itapita mlango gani."

Nilicheka, nikaona aibu, nikauliza nilichopaswa kuuliza zamani: ndama wa kila mmoja huzaliwa na ukubwa gani?

"Huyu mkubwa nampandishia majike waliokwisha kuzaa," Ireri alisema. "Ndama wake wote huenda sokoni, wana uzito. Mtamba asiyezaa bado simpi. Boran ndama wake ni mdogo, hutoka bila shida, halafu hukua. Na binti zake hubaki kuwa mama, jua na kupe haviwasumbui sana."

"Sasa sema," Njeru akaniambia. "Mwenye ng'ombe ni wewe." Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, lakini aliyasema kwa upole.

"Mwenye Keru ni aliyemnywesha," nikajibu. "Kuanzia leo ni wa Mama Wanja. Chagueni nyinyi."

Njeru alimtazama Boran kwa muda. Kisha akamwambia Ireri, "Huyu mwekundu. Keru akitaka dume tena, tutamleta."

Jioni, tukiagana, nilimwomba Njeru aitupe ile ngozi. Alikataa. "Itakuwa na kazi," akasema.

Nilirudi Nkubu pikapu ikiwa tupu, nikiwa nimejifunza nikiwa mzee jambo ambalo nililipuuza nikiwa na nguvu: mtazame jike kabla ya kumtazama dume, na kabla ya wote wawili msikilize anayelala karibu na zizi.

Mama Wanja alipiga simu tena wakati wa palizi.

"Baba Kanana, amezaa."

"Daktari alifika?"

"Daktari wa nini? Tulikuwa tunapalilia ndengu. Tumerudi, tumekuta ndama amesimama, ananyonya."

Nikauliza, "Na yuko wapi sasa?"

"Njeru amemtandikia ile ngozi ya Kairu. Amelala juu ya nyanya yake."