Nzi wa Macho Meupe

Dada yangu alikuja nyumbani Bungoma na chupa sita za nzi, wale wadogo wa ndizi imeiva. Chuo yao Kitale ilikuwa imefungwa sababu ya mgomo, na nzi hawangojei mgomo iishe. Yeye alikuwa amepata kibarua Kachibora wiki tatu, so akaniachia.

"Ukiharibu hawa, masomo yangu imekwisha," akasema.

Mimi shule niliachia Form Two, lakini vitabu vyake nimesoma zote. Kwa ubongo ya funza wa nzi kuna seli mama. Inajigawa: moja inabaki mama, ingine inaenda kuwa neva. Kuna jeni inaambia hiyo ya pili, wewe sasa wacha kugawanyika. Kwa nzi wa dada hiyo jeni ni mbovu. Seli zinabaki mama tu, zinazaana mpaka ubongo inavimba. Alama yao ni macho meupe. Wa kawaida wako na mekundu.

Nikawapikia uji ya mahindi na hamira, nikamimina kwa chupa mpya, nikaweka dirishani ipoe bila kuziba, vile mama hupoesha uji. Ng'ambo ya ua jirani alikuwa na pipa ya busaa, ile pombe ya unga ya mahindi. Nzi wa busaa wakaingia wakataga mayai. Sikuona. Nikahamishia wa dada humo humo.

Wiki mbili, wamezaana na wa dada, chupa zote zimejaa macho mekundu. Nikaenda kumfokea jirani.

"Kijana," akasema, anakoroga tu, "kwani nzi ni ng'ombe niwafunge kamba?"

Siku nne nilichambua. Naomba barafu kwa mama muuza samaki, nalaza nzi juu wazubae, natoa wekundu na unyoya ya kuku. Macho inauma, mgongo inauma, na kesho yake wamezaliwa wengine.

Dada akarudi. Akapasua funza na sindano mbili, mmoja mmoja, anaangalia ubongo kwa hadubini yake ndogo.

"Mzima," akasema. "Mzima. Huyu pia mzima."

Sijawahi kusikia mtu akisema mzima hivyo, kama anatangaza kifo.

"Ni jirani na busaa yake," nikasema.

"Na nani aliweka chakula dirishani?"

Nikakaa chini. "Ni mimi."

Akapanguza sindano polepole. "Mwalimu wangu ako na chupa ingine ya macho meupe kwake Kitale. Kesho tunaenda. Wewe ndio utamwomba, na hugombani na mtu."

Nilikuwa nimechoka hata siwezi kubishana. Nikaenda kuosha chupa.