Pindo la Vidole Vinne

"Kwani mwanangu ataacha kukua kwa sababu wewe umeshampima?"

Jirani yao, mama mfua nguo, aliuliza swali hilo akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, amemshika bintiye mkono. Sare ya mtoto, iliyomkaa vizuri ajabu siku ya kufungua shule, sasa ilikuwa imepanda juu ya magoti, na mwalimu alikuwa amemrudisha nyumbani.

Aliyeulizwa ni Kipimo, msichana aliyeketi kwenye cherehani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa kuwaambia wateja, futikamba shingoni, "Kipimo ni kipimo." Shangazi yake, mwenye chumba na cherehani, alikuwa akikunja pindo la vidole vinne kwenye kila sare. Kipimo aliona huo ni ujanja. Kitambaa ni cha mteja, sasa kwa nini kifichwe ndani asikokiona? Basi shangazi alipougua mguu na kumwachia mkasi, akakata sare zote sawasawa na miili, pindo jembamba kama kamba ya kiatu. Mabaki akayafunga vizuri, akawarudishia wenyewe. Akalala usingizi wa mtu mwaminifu.

"Na vile vipande nilivyokurudishia, mama?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vipande? Si nimesugulia masufuria mpaka vimeisha!"

Wanawake waliokuwa wakingoja kwenye benchi wakaangua kicheko. Kicheko angekivumilia. Lakini shangazi alikuwa ametokea mlango wa nyuma, na amesikia yote. Huyo ndiye aliyemchukua akiwa na miaka minane, mama yake alipofariki. Akimwambia leo, "Inuka kwenye cherehani yangu," ataenda wapi?

Shangazi hakumtazama. "Kaa, mama. Mtoto atarudi darasani leo hii." Akaanua sketi yake mwenyewe kambani, akaikata mkanda mpana, akauunga chini ya sare. Buluu na buluu, ila zilikuwa kama watu wasiosalimiana. Shuleni wakamwita yule binti Ghorofa, maana gauni lake lina chini na juu, na jina likamganda.

Walipobaki wawili, shangazi akafungua sanduku, akatoa gauni dogo la maua. Kipimo alilijua. Lilikuwa nguo yake ya kwanza katika nyumba ile.

"Pindua huko chini. Unaona nini?"

Palikuwa na mistari mitatu iliyofifia, pale mshono ulipofumuliwa na kushonwa upya.

"Mapindo, shangazi."

"Ni miaka hiyo. Nilipokupima ulikuwa kijiti, chakula hutaki, watu wananiambia huyu hamalizi mwaka. Mimi nikakunja vidole vinne. Nilikuwa nakungoja, mwanangu. Sasa hapo nilimdanganya nani?"

Kipimo akalia.

"Usililie kitambaa, kitachuja rangi," shangazi akasema. "Na huo uaminifu wako usiutupe. Mimi nilikuwa siwaambii watu kwamba pindo lipo. Hapo umenishinda."

Tangu siku hiyo, kila nguo iliyotoka mle chumbani ilipinduliwa kwanza mbele ya mwenyewe: "Akiba yako hii hapa, akirefuka mlete." Shangazi alipotangulia mbele ya haki, Kipimo aliendelea hivyo hivyo miaka zaidi ya thelathini, na kila alipopindua pindo alisema moyoni, asante Mungu kwa shangazi.

Mwaka huu Kipimo aliugua miezi mitano, mwili ukaisha. Alipoweza kukaa kitandani alitaka gauni jipya la kwendea kumshukuru Mungu. Aliyekuja kumpima ni Ghorofa, siku hizi fundi mwenye chumba chake. Akazungusha futikamba kiunoni, akaisoma. Akaisoma tena.

"Nitakata kwa mwili ulivyo, mama," alisema akijitia kutafuta chaki, "lisije likakupwaya mbele za watu."

Kipimo akamshika mkono wenye futikamba.

"Niachie vidole vinne kila upande, mwanangu. Nitanenepa."