Divai Isiyopenda Kelele

Anti Mutindi anapika kwa hoteli ya Kiilu hapa Emali, na hasikii harufu yoyote, hata ya moshi. Ile homa iliyomlaza mwaka juzi ilipoondoka, iliondoka na harufu zote na ladha karibu zote. Chumvi anaisikia kwa mbali. Sukari kidogo. Basi.

Mimi ndiye niliyejua kwanza, kwa sababu mimi ni mtu wa kuangalia. Niliacha shule darasa la sita, mama alipofariki, nikaletwa kwa Anti kutoka Mutomo. Kule nyumbani watu walishazoea kusema huyu Kaluki ni bubu. Anti hakusema hivyo. Alinipa kisu na fungu la sukuma wiki, akaniacha nikae kimya nilivyotaka. Siku moja maziwa yakaungua, jikoni kote kukanuka, na yeye amesimama papo hapo akiimba wimbo wa kanisa. Nikainama nikapunguza moto. Akaniangalia, akaangalia sufuria, akaelewa kwamba nimejua.

Tangu siku hiyo, kabla sahani haijatoka, ananigeukia na kuinua nyusi. Nikitikisa kichwa, anaongeza kitu. Nikifumba macho, imetosha. Tulipika hivyo mwaka mzima na hakuna aliyegundua, mpaka jino liliponilaza nyumbani. Siku hiyo wateja walipewa chai ya maziwa yaliyochacha.

"Mutindi, umechoka ama umezeeka?" Kiilu alimuuliza mbele ya watu. "Ikitokea tena, natafuta mpishi mwingine. Hii si harambee."

Anti alisema pole bosi. Usiku sikulala vizuri. Jikoni ndiyo kazi anayoijua tangu akiwa msichana, hana nyingine, na nikifikiria yeye bila ile kazi ninamwona kama nyumba iliyotolewa mlango.

Ndipo Mzee Muthama akaja na chupa zake.

Huyu mzee ni wa Matinyani. Alikuwa weita kwa mahoteli makubwa ya Nairobi mpaka akastaafu, na Kiilu anamheshimu kwa sababu ndiye aliyemfundisha kazi. Aliingia hadi jikoni, kofia mkononi, akaweka mezani chupa mbili za divai nyeupe.

"Mama, nimemiminia watu wengine hii kitu maisha yangu yote," alimwambia Anti. "Jumamosi nataka kummiminia mke wangu Syokau. Ni siku yetu ya ndoa. Moja ni ya meza, hii nyingine ni yako, uijue kabla hujapika. Ni divai nyepesi sana, ukiipa chakula kibaya inakuwa maji tu. Nakuachia wewe."

Kiilu alingoja mzee atoke. "Wewe usisumbuke na chupa. Mzee wa heshima anakula mbuzi. Fry, pilipili, kachumbari. Na usiniaibishe, Mutindi. Jumamosi ikiharibika, Jumatatu hii jikoni ni ya mtu mwingine."

Anti alikaa chini. Yeye ameokoka, pombe hajawahi kuionja, na sasa hata kuinusa hawezi. Tukiwa bado tunaiangalia ile chupa, Hodo akaingia na maziwa. Ni jirani yetu, duka lake ni la viungo.

"Mutindi! Si wewe umeokoka?"

"Ni ya mteja."

"Wallahi leo naenda kwa pasta wako."

"Nenda. Na mimi napitia kwa sheikh, nimwambie Hodo alisimama hapa akiikodolea macho."

Hodo alicheka mpaka akashika mlango. Akauliza shida ni nini, na Anti akamwambia yale ya mzee: divai nyepesi, chakula kibaya, inakuwa maji.

"Mimi sijui mambo ya chupa na sitaki kujua," Hodo alisema. "Lakini dukani kwangu iliki siiweki karibu na karafuu. Karafuu inaimeza. Mtu anafungua mkebe wa iliki, ananusa karafuu."

Alipoondoka, Anti alinivuta karibu na meza. Halafu akafungua chupa, akamimina kidogo kwenye kikombe. "Kunusa tu. Tone likigusa mdomo wako, mimi na wewe tutakosana."

Nikanusa. "Chai," nikasema.

"Chai?"

"Kikombe. Kinanuka chai ya jana."

Alicheka vizuri, mara ya kwanza wiki hiyo. Tukatafuta gilasi, akaiosha kwa maji moto bila sabuni, tukatoka nyuma ya jikoni, mbali na moshi. Nikanusa tena. Hakukuwa na kitu. Aliniambia niishike kwa viganja mpaka baridi ipungue. Kisha ikaja, polepole, kama mtu anayechungulia mlangoni.

"Sema," Anti alisema.

Mimi na kusema! Lakini ishara hazingetosha leo. "Kuna limau. Si maji yake, ni ganda, ukilikwaruza na ukucha."

"Ehe."

"Na maua ya mwembe. Asubuhi, kabla jua halijachoma. Na kitu kama... jiwe likinyeshewa."

"Aiya! Umeongea kuliko mwaka jana wote," alisema. Akafikiria. "Huyu ni mgeni mwenye haya. Ukimkalisha na watu wa kelele, hatasema neno."

Basi akaanza kuniletea vitu, kimoja kimoja. Nilikuwa nanusa chakula, halafu nanusa gilasi, namwambia kama divai bado iko. Mbuzi wa kukaanga: imepotea. Pilipili: imekimbia kabisa. Kitunguu kilichoungua: haiko. Ule unga wa kuungia mchuzi, wa pakiti: haiko. Akaleta kuku wa kienyeji aliyechemshwa taratibu na majani ya kitunguu. Bado iko. Akaleta mbaazi mbichi, ile sisi Wakamba tunaita nzuu, ilikuwa msimu wake. Nikanusa mbaazi, nikanusa gilasi, nikarudia.

"Imesonga karibu," nikasema.

"Muthokoi?"

Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, yalikuwa yamepikwa hadi yakalainika, na siagi kidogo tu. "Imetulia nayo."

Anti akanitazama machoni. "Kaluki, bosi anataka mbuzi. Nikiacha mbuzi ni kwa neno lako peke yake. Una uhakika?"

Nilitaka kufumba macho kama kawaida. Nikasema, "Nina uhakika."

Jumamosi Mzee Muthama alivaa suti, mkewe Syokau akavaa kitambaa kipya kichwani. Anti alipeleka sahani mwenyewe: kuku mweupe, muthokoi, nzuu ya kijani kibichi, na ganda la limau lililokwaruzwa juu. Kiilu akaona meza haina mbuzi. Alikuja mlango wa jikoni, shingo imemvimba.

"Mbuzi wangu iko wapi, Mutindi?"

"Kwa friji, bosi."

"Hiki ni chakula cha mgonjwa!"

Mikono ya Anti ilikuwa imekunja aproni mpaka ikawa kamba. Nilikuwa naangalia meza. Mzee alimmiminia mkewe, amesimama wima, kitambaa mkononi, kama weita. Syokau alionja, akakunja uso kidogo. Akala nzuu. Akarudi kwa gilasi, akaishika hapo. Halafu akacheka kama msichana, akamwambia mumewe, "Kwa hivyo hii ndiyo ulikuwa ukiwapa wale watu siku zote? Na mimi unaniletea soda?"

Mzee aliketi. Akala. Baada ya muda akaita, "Kiilu! Nani alichagua hiki chakula?"

Kiilu akamnyooshea Anti kidole, bado hajui kama ni kumsifu au kumshtaki. Anti angenyamaza tu, mambo yaishe. Lakini alinishika bega akanivuta mpaka mezani.

"Ni huyu. Mimi sisikii harufu, mzee, tangu ile homa. Huyu ndiye pua yangu. Nimepika, lakini amechagua yeye."

Mzee Muthama alimtazama Kiilu na kumwambia, "Kijana, mimi nilifanya kazi na wapishi wenye pua zao na hawakunusa hata siku moja. Hawa wawili usiwatenganishe."

Kiilu alijikuna kichwa. "Lakini ile chai ya maziwa..."

"Jino," nikasema, kwa sauti, mbele ya wateja wote. "Nilikuwa naumwa na jino."

Watu walicheka, Kiilu naye akacheka. Jumatatu nilikuta aproni mbili kwenye msumari.

Anti bado hasikii harufu. Huombea pua yake kila Jumapili, na mimi humshukuru Mungu kwamba wakati Anti akingoja, alinikalisha mahali sauti yangu ingesikika. Kila asubuhi nikifungua jikoni ananiuliza, "Kaluki, leo kunanuka nini?"

Namwambia. Vumbi lenye umande. Mkate wa kwa jirani. Iliki ya Hodo, leo amefungua mapema. Naye anafumba macho na kusema, "Endelea."