Mashuka Mawili ya Sare

Kazi yangu ni kurudisha fomu. Nakaa dirishani katika ofisi moja ya umma hapa Kibaha, watu wananiletea maombi yao ya viwanja, nami napitisha kalamu mstari kwa mstari nikitafuta kilichokosekana. Nafasi ikiwa wazi, narudisha. Jibu likinuka uongo, narudisha na maneno juu yake. Miaka kumi na mbili nimekaa pale, na najua wapo watu ambao wakiniona dirishani hugeuza, wakaja siku ya zamu ya mwenzangu. Siwalaumu.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilichofanya nilikifanya na akili zangu timamu. Ilikuwa fomu ya kambi ya watoto ya likizo ya Juni, wiki nzima, huko Kurui upande wa Kisarawe. Watoto wangelala bwenini, kila mmoja na godoro lake kutoka nyumbani, wangelima, wangejifunza kupika na kuwasha moto. Ukurasa wa pili uliuliza kama mtoto ana tatizo lolote ambalo walezi wanapaswa kulijua. Nikaandika HAKUNA, kwa herufi kubwa, nikaweka na nukta.

Mwanangu alikuwa na miaka kumi, na alikuwa bado anakojoa kitandani.

Si kila siku. Zilikuwa zinapita siku nne, tano, tunaanza kuamini yamekwisha, halafu asubuhi nasikia chumbani kwake ukimya wa aina fulani, najua. Daktari alisema mambo hayo huisha yenyewe na kwamba mara nyingi yako kwenye damu. Mume wangu akacheka pale pale mbele ya daktari, akasema hata yeye aliacha darasa la sita. Alilisema kama mtu anayesimulia goli alilofunga. Nilimtazama mpaka akanyamaza.

Nyumbani jambo hilo halikuwa na jina. Tuliliita ile habari. Tunakaa Mbwawa, kwenye viwanja vipya, ambako watu tumehamia kabla ya kujenga uzio, na kila mtu anaona kamba ya kila mtu. Mwanamke aliyelelewa anajua nguo ya ndani huanikwa chini ya kanga. Mimi niliukuza utaratibu huo ukafika kwenye shuka: nalifua mapema, nalianika nyuma ya nyumba karibu na banda la kuku, kisha juu yake natandaza kitenge. Mtu akipita anaona kitenge. Miaka mitano kile kitenge kilikauka juani hata siku ambazo sikukivaa, mpaka rangi ikapauka upande mmoja.

Watu watasema nilikuwa na kiburi, na kiburi ninacho, watani zangu wamekisema kabla yenu. Lakini nilikulia Same, na kwetu mtoto mkubwa akikojoa alitembezwa asubuhi kwa majirani, shuka kichwani, wenzake wakimfuata nyuma na kumpigia madebe. Dada yangu alitembezwa. Alikuwa na miaka tisa, na maji yalikuwa yanamchuruzika shingoni. Mimi nilikuwa na saba, na debe nililipiga. Nililipiga kwa bidii kuliko wote, ili mtu asije akanikumbuka na mimi. Dada sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, na hatujawahi kulizungumza hadi leo.

Ndiyo maana kila likizo nilikuwa na kisingizio. Binamu zake wakimwita Morogoro, ana mafua. Rafiki yake akimwomba akalale kwao Visiga, kesho tuna kanisa mapema. Na kambi ile aliililia mwaka mzima, kwa sababu darasa lao karibu lote lilikuwa limekwenda mwaka uliotangulia na walikuwa wamerudi na michezo asiyoijua. Nikamwambia ni mbali. Nikamwambia kuna mbu. Siku moja ananisaidia kuchambua mchele, akauliza bila kuinua kichwa: "Mama, ni kwa sababu ya ile habari?"

Ningesema ndiyo, ningekuwa nimempigia lile debe. Nikasema hapana, nani kakwambia, fomu iko wapi?

Basi nikajitia kitanzi mwenyewe. Nilikwenda Maili Moja nikanunua mashuka mawili ya sare, meupe yenye maua ya zambarau, ili likilowa moja litandikwe la pili na mtu asitambue tofauti. Nilichukua nailoni iliyokuja na godoro jipya nikaishona kwenye kitambaa, isipige kelele akigeuka. Nikampangia saa ya mwisho ya kunywa maji. Nikamwonyesha namna ya kukunja shuka bichi liingie kwenye mfuko wa nguo chafu likionekana kama taulo. Alifanya mazoezi sebuleni, mara tatu, na mara ya tatu alikunja haraka kuliko mimi.

"Na wakiniuliza?"

"Sema umemwaga maji."

"Na wakiniuliza tena kesho yake?"

Nikamwambia kesho yake haitakuwepo, aombe Mungu. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Basi la kambi liliondoka Jumapili saa nne, na akaondoka nalo.

Sharti la kambi lilikuwa moja na lilikuwa limeandikwa kwa wino mzito: mzazi hapigi simu wala hatembelei mpaka Jumamosi ya kuchukua mtoto. Nilikuwa nimesaini chini yake. Picha zingetumwa kila jioni kwenye grupu la wazazi, basi.

Jumatatu nilikwenda kazini na kurudi, sikumbuki nilimhudumia nani. Picha ilikuja ya watoto wamepanga mstari na majembe, wangu wa pili kutoka mwisho, kafumba macho kwa jua. Nikaikuza mpaka sura ikawa vidoa. Alikuwa anacheka au anakaribia kulia? Mume wangu alirudi kutoka Dar amechoka, nikamshikia simu mbele ya sahani. Akasema mtoto anaonekana kashiba.

"Si ungewaandikia tu?" akasema. "Mtoto gani hajakojoa?"

"Wa watu."

"Basi wapigie."

Nitawapigiaje? Niseme nini? Jumanne wakati wa chai nilimwandikia mlezi mkuu ujumbe, kwamba samahani nilisahau kujaza jambo moja kwenye fomu. Nikausoma kama ningeusoma dirishani. Nafasi haikuwa wazi, ilikuwa na neno ndani yake, tena na nukta. Hapo huwezi kusema umesahau. Nikafuta. Nikaandika mwingine kwamba hali hiyo imeanza majuzi tu. Huo ulikuwa uongo wa pili wa kuulinda wa kwanza. Nikafuta. Wa tatu niliandika ukweli wenyewe, mistari miwili, nikakaa nao kidole juu mpaka kioo kikazima. Nikisema, nimemvunjia mwanangu siri aliyokwenda nayo. Nikinyamaza, nimemwacha nayo peke yake. Nilikuwa nimejifungia ndani na yeye nimemfungia nje, na mlango ni mmoja.

Jumatano mzee mmoja alileta fomu yake. Palipoulizwa kama kiwanja kina mgogoro wa mpaka alikuwa ameandika hakuna, na wiki ile ile jirani yake alikuwa amesimama hapo hapo dirishani akilalamikia huo mpaka.

"Mzee wangu, shikamoo. Hapa umedanganya."

"Marahaba mwanangu. Si mgogoro, ni maneno maneno tu."

"Hayo maneno ndiyo yanayotakiwa. Unafikiri usipoyaandika hayapo?"

Nilisema kwa sauti, foleni nzima ikasikia, na nikajisikia na mimi. Nikamrudishia fomu yake bila kumtazama. Dakika hiyo simu ikatetema, picha zilikuwa zimewahi siku hiyo.

Watoto walikuwa wamekaa chini wanamenya mihogo. Nyuma yao kulikuwa na kamba imefungwa kutoka mkorosho mmoja hadi mwingine, na kwenye kamba, peke yake, limetandazwa lote, shuka jeupe lenye maua ya zambarau.

Mzazi mmoja akaandika kwamba watoto wanapendeza. Mwingine akaandika: naona mpaka kufua wanafua wenyewe, hongereni walezi. Mioyo ikafuata, na mikono ya kupiga makofi. Niliinuka nikaenda chooni nikakaa juu ya mfuniko na simu mkononi. Nilikuwa nasikia debe. Mtu mzima, mtumishi wa umma, nasikia debe kwenye choo cha ofisi saa nane mchana.

Alhamisi kamba ilikuwa tupu. Ungedhani ningefarijika. Nilikaa nikiwaza kwamba amelificha bichi ndani ya mfuko, kama nilivyomfundisha, na analalia la pili, na la pili likilowa hana la tatu. Ijumaa picha hazikuja kabisa, wakasema mtandao umesumbua. Nilifua kila kitu ndani ya nyumba, hata mapazia.

Jumamosi mume wangu aliazima gari la mfanyakazi mwenzake tukaenda. Barabara ya vumbi ile ilinishinda urefu. Tulifika Kurui watoto wanacheza mpira uwanjani, na wangu alikuwa katikati yao, magoti meusi, sauti imekwisha kwa kupiga kelele. Aliniona akapunga mkono, akaendelea kucheza. Sikuamini macho yangu. Nilimtafuta usoni alama ya kilichompata nikaikosa.

Mlezi wa mabweni ya wasichana alikuwa mama mtu mzima, mwenyeji wa huko huko. Baba watoto alipokwenda kupakia begi, mama yule akanishika mkono akanivuta chini ya baraza. Mwanangu alikuja akasimama hatua tatu kutoka kwetu, godoro lake limeviringishwa kifuani.

"Shikamoo mama," nikamwamkia mlezi.

"Marahaba mwanangu. Nina neno dogo nawe, usihamaki. Huyu binti yako hujikojolea usiku."

Nilifungua mdomo.

"Sikiliza kwanza. Siku ile ile ya kufika, jua halijazama, kanifuata jikoni kaniambia mwenyewe. Nikampa kitanda cha karibu na mlango. Siku moja tu imempata, shuka kalifua akalianika, hakuna aliyemsema. Wapo na wenzake wawili wa hivyo, ila hao mama zao waliniandikia. Nikamwuliza, sasa wewe mbona mama yako hakuandika? Akaniambia, mama hajui."

Akanipapasa mkono.

"Basi usimgombeze. Watoto huficha. Na wewe usijione vibaya, mwanangu, mama hawezi kujua yote."

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa amekaza kidevu juu ya godoro, hapepesi macho, ananitazama kama anavyonitazama mtu dirishani ambaye fomu yake naishika. Wiki nzima nilikuwa namwogopea, kumbe alikuwa ameuacha uongo wangu jikoni siku ya kwanza, akatunga wake mmoja, wa kunifunika mimi.

Ilinipasa kusema palepale. Neno lilikuwa moja. Nikaweka mkono mdomoni kama mtu aliyeshtuka.

"Kumbe!" nikasema. "Sikujua, mama. Ahsante sana."

Mwanangu akashusha pumzi. Akageuka kupeleka godoro garini. Njiani baba yake aliuliza mama yule alikuwa na maneno gani, nikasema hakuna kitu. Mtoto alilala mapajani mwangu, ananukia moshi na korosho, na mimi nilikaa wima mpaka Kibaha nisimwamshe. Sijawahi kuona haya namna ile mbele ya mtu aliyelala.

Jumapili asubuhi niliamka nikakuta kitanda chake kitupu, na kwenye kitanda ile nailoni peke yake. Nje nilisikia maji. Alikuwa amebeba beseni mwenyewe mpaka mbele ya nyumba, kwenye kamba kubwa inayotazama njia, ambapo watu wa Mbwawa hupita wakienda kanisani wamevaa vizuri. Alikuwa amesimama kwenye ndoo iliyogeuzwa, anavuta ncha za shuka zilingane, vibanio mdomoni.

Sikufikiri. Mikono yangu ilikwenda yenyewe ndani, ikachukua kile kitenge kilichopauka, ikarudi nacho. Jirani wa ng'ambo alikuwa nje anafagia. Akasimamisha ufagio.

"Jirani, kumbe binti karudi! Na leo mmefua mapema!"

Nikainua kitenge juu ya kamba. Mwanangu akatoa vibanio mdomoni, akaninong'oneza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza zamu ya kuosha vyombo ni ya nani:

"Mama, na hapa tunasema hujui?"

Kitenge kilikuwa kizito mkononi. Nikakishusha.

"Najua," nikasema. Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, na jirani akauliza najua nini.