Aliyeutaka Mkono Wangu wa Kushoto

Ilianza siku ya Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni, wiki ya mwisho ya mwezi wa nane mwaka jana. Saa naikumbuka vizuri kwa sababu mle darasani kulikuwa na saa kubwa ya ukutani, na mimi nikiwa sehemu ngeni huwa naangalia saa ili nisiangaliane na watu.

Najua utasema huyu binti anatunga. Nitunge ili iweje? Mimi hata chumvi ikiisha nyumbani namtuma mdogo wangu kwa jirani, naona aibu kupiga hodi. Mtu wa namna hiyo atapata wapi ujasiri wa kukudanganya? Hiki kitu kilitokea, kilinitokea mimi, na sio ndotoni. Jua lilikuwa bado linawaka nje.

Kwetu ni Mishamo, kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi. Nilikuwa kidato cha tatu. Chuo kimoja cha ualimu cha Mpanda mjini kilialika shule za sekondari, kila shule ilete wanafunzi wawili wawafundishe wanachuo kazi yoyote ya mikono kwa kutumia kamera ya mezani. Kama hujawahi kuiona, ni kamera yenye shingo ndefu iliyopinda, imeinama kama kuku anayedonoa. Chochote unachoweka chini yake kinatokea ukutani, kikubwa kama mlango. Shule itakayofundisha vizuri kuliko zote ingepewa kamera moja iondoke nayo.

Tuliitaka hiyo kamera, usiniulize. Darasa letu limejaa mpaka dirishani. Mwalimu wa Baiolojia akimpasua panzi, wa mbele ndio wanaona. Sisi wa nyuma tunachora panzi wa kusimuliwa.

Nilichaguliwa kwa sababu ya vikapu. Bibi yangu alinifundisha kusuka zamani sana: unakusanya nyasi kidogo, unazizungushia ukindu, unatoboa kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, unapitisha, unavuta. Mzunguko juu ya mzunguko. Rafiki yangu Jeska, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, angeshika maiki na kueleza. Mimi ningesuka tu. Kamera ingeonyesha mikono, sio uso. Kufundisha watu bila kuonekana! Nilimshukuru Mungu kabisa.

Tatizo lilikuwa moja. Mimi natumia mkono wa kushoto.

Kwetu hiyo sio kitu kidogo. Sahani unapokea kwa kulia, mkubwa unamsalimia kwa kulia. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa ananifunga kitambaa mkono wa kushoto wakati wa kula, na akichoka kunikumbusha alikuwa anasema, "Huu mkono bora angeuchukua mtu." Hakuwa na ubaya. Aliogopa nitakuja kuchekwa ukweni.

Na Madam Felista, mwalimu aliyetuleta, naye tulipofika chuoni akaniita pembeni. "Mwanangu, mkono wako utakuwa mkubwa kama mlango pale ukutani. Kutakuwa na wakufunzi, kutakuwa na wageni. Shoto halipendezi. Tumia wa kulia, kesho tu, halafu urudi kwenye shoto lako."

Nikasema, "Sawa, Madam."

Basi hiyo Alhamisi jioni wenzetu walienda kucheza mpira wa pete, mimi nikaomba nibaki darasani nifanye mazoezi. Mkufunzi mmoja akaniwashia kamera, akavuta yale mapazia mazito ili picha ionekane, akasema nikimaliza nizime. Nikaanza kikapu upya kwa mkono wa kulia. Jamani. Spoku ilikuwa inapita pembeni, ukindu unalegea, na kitako cha kikapu kikajikunja kama kofia iliyokaliwa. Na kila kosa nililiona ukutani, kubwa, kama linanicheka. Nikafumua. Nikaanza tena. Kikajikunja tena.

Nikatupa spoku mezani. Nikautazama mkono wangu wa kushoto uliokuwa umelala tu pale, nikauambia kwa sauti, kwa hasira, maneno yale yale ya mama:

"Huu mkono bora angeuchukua mtu."

"Hodi," mtu akasema.

Sauti ya mwanamke, laini. Na mimi bila hata kugeuka nikajibu, "Karibu." Usinicheke. Wewe umelelewa vipi? Mtu akipiga hodi unamkaribisha, halafu ndio unaangalia ni nani.

Akaja akasimama kando yangu. Nilifanya kama ninavyofanya kwa watu wote, nikainamisha macho. Nikasema, "Shikamoo." Niliona kitenge cha kijani na miguu mitupu, misafi. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Vumbi la Mpanda la mwezi wa nane linaingia mpaka ndani ya soksi, huyu alikuwa peku na hana hata chembe.

Hakusema marahaba. Alisema, "Amahoro, mwana wanje." Yaani amani, mwanangu: Kirundi, kama cha nyumbani kabisa! Nikafurahi. Nikajua ni mama wa kwetu, labda anapika hapo chuoni. Na mimi nikamjibu amahoro.

"Unasuka?"

"Najaribu, mama."

"Hujaribu, unateseka. Lete."

Akavuta kiti, akachukua kazi yangu. Mimi nikaangalia ukutani, kwa sababu ukutani kuna mikono tu, hakuna macho ya mtu. Nilichokiona sijawahi kukiona hata kwa bibi. Spoku iliingia kama inaingia kwenye uji. Ukindu ulilala bila kubaki nafasi. Kitako kikanyooka chenyewe. Ila vidole vyake havikuwa na mchubuko hata mmoja. Ukindu unakata, muulize mwanamke yeyote anayesuka. Vidole vya bibi yangu ni kama mbuzi ya nazi. Vya huyu vilikuwa kama vya mtoto wa jana.

"Umeona?" akasema. "Nikuazime mkono. Kesho watakupigia makofi mpaka paa litetemeke."

Nikacheka kidogo. "Mama, mkono unaazimwaje?"

"Tunabadilishana. Nakupa mmoja wangu wa kulia, wewe unaniachia huo wa kushoto. Si umesema bora angeuchukua mtu? Ndio nimekuja."

Mmoja wangu wa kulia. Wewe ungeelewa palepale. Mimi sikuelewa, mpaka alipokisogeza kikapu pembeni na kuweka mikono yake yote miwili bapa mezani, chini ya kamera. Pale ukutani ikatokea mikono miwili mikubwa, imetulia. Kuna kitu kilinikera kwenye ile picha na sikujua ni nini. Halafu nikaangalia vidole gumba. Weka mikono yako mezani sasa hivi, ujionee: gumba la kulia na gumba la kushoto yanaangaliana. Ya kwake hayakuangaliana. Yote mawili yalikuwa yameelekea upande mmoja.

Alikuwa na mikono miwili ya kulia.

Nilidhani kamera ndiyo mbovu. Nikashusha macho mezani. Vilevile.

Nikarudisha kiti nyuma. Na yeye hakunitisha. Aliongea taratibu, kama mtu anayeomba maji.

"Nyumbani wanaufunga kitambaa. Shuleni wanakwambia uufiche. Wewe mwenyewe umeuchoka. Mimi nitautunza. Nitaupaka mafuta. Niachie."

Sasa hapa nakuwa mkweli, maana nikificha hapa hakuna maana ya kuandika. Nilikaribia kukubali. Niliwaza kamera kuwa yetu. Nikamwaza Madam Felista akitabasamu. Nikawaza kula na watu bila kuangaliwa. Mkono wangu ulianza kusogea wenyewe, au niliusogeza, sijui. Kidole chake kikagusa ncha ya kidole changu cha mwisho. Baridi yake ilikuwa kama ya mtungi uliokaa ndani.

Na ndipo nikasema, "Hapana."

Mimi! Mimi ninayesema "sawa, Madam"! Nikaurudisha mkono, nikaubana kwapani. "Huu ni wangu. Ndio nilioandikia jina langu mara ya kwanza. Bibi aliushika huu huu akanionyesha kusuka. Sikupi. Hata uniletee kamera za nchi nzima, sikupi."

Nikainua uso nikamtazama machoni. Unajua niliona nini? Mama wa kawaida. Amechoka. Macho yamemjaa machozi. Mpaka leo nikikumbuka hayo macho naumia kuliko ninavyoogopa.

"Haya," akasema. "Kesho wakikucheka, usiniite."

"Sikuiti."

Akasimama, akaelekea upande wa mapazia. Mlango uko upande mwingine kabisa. Pazia halikutikisika, na yeye hakuwepo tena.

Hapohapo Jeska akasukuma mlango. "We mtoto, unabishana na nani humu? Wali unapoa, na mimi sikutunzii nyama!"

"Umepishana na mama mmoja wa kitenge cha kijani?"

"Mama gani? Nimekaa hapo nje kwenye ngazi tangu mpira uishe. Hajapita hata mjusi." Akaona kikapu. "Eee! Umekisuka wewe hiki?"

Nilimpita mbio mlangoni. Niliomba simu ya Madam, nikampigia bibi, nikamweleza yote. Bibi akasema, "Ulikitukana kiungo chako kwa sauti, halafu ukaitikia hodi bila kuangalia ni nani. Umemwita mwenyewe." Akaniuliza, "Ukamjibuje?" Nikamwambia nilimwambia simpi. Bibi akacheka, cheko la furaha kabisa. "Huyo ni mjukuu wangu. Mpe mama yako simu akirudi shambani, nina maneno naye." Nikamkumbusha kuwa mimi niko Mpanda na mama yuko naye hukohuko. "Basi nitamwambia mwenyewe," akasema.

Mama hajanisema tena kuhusu mkono. Ila ile ncha ya kidole cha mwisho, pale alipogusa, imekufa ganzi moja kwa moja. Spoku ikinichoma hapo sisikii. Hata jua la saa saba likiwa kali, hapo pana baridi. Nimezoea. Namhesabia yeye kile kidogo, maana hakuondoka mikono mitupu kabisa.

Na wewe unayesoma, nakuomba kitu. Una mguu unaoburuta? Una sauti ya kukwaruza, una jicho wanalokucheka? Usikitukane kwa sauti ukiwa peke yako chumbani. Kuna anayekihitaji, na masikio yake yako karibu kuliko unavyodhani. Na ukisikia hodi, geuka kwanza.

Kamera tuliipata, nisikufiche. Lakini ukiniuliza najivunia nini, sitasema kamera. Najivunia asubuhi ya ile Ijumaa.

Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Madam Felista alishakiona kile kitako kilichosukwa na yule mama, akanikumbatia: "Si nilikwambia wa kulia unaweza!" Jeska akashika maiki, akaanza maneno yake matamu. Nikakiweka kitako chini ya kamera. Wanachuo wakaguna wote kwa pamoja, maana kilikuwa kizuri, kizuri kweli.

Nikachukua wembe, nikakata ukindu wa mwisho, nikakifumua chote.

"Unafanya nini, we mwehu?" Jeska akaninong'oneza, na maiki ilikuwa wazi, ukumbi mzima ukasikia na kucheka. Madam alishainuka kitini. Nikakusanya nyasi mpya. Nikashika spoku kwa mkono wa kushoto.

"Shoto huyo!" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Atatusukia kinyumenyume!"

Wakacheka tena. Mkono wangu ulikuwa ukutani, mkubwa kama mlango kweli, na kila mtu anauona. Nikamwambia Jeska, "Nipe maiki." Hakuamini. Akanipa.

"Kile nilichofumua hakikuwa kazi yangu," nikasema. "Kazi yangu ni hii. Huyo kaka amesema kweli, inazunguka kinyume. Wanaotumia kulia watazungusha kuelekea kule, mimi nazungusha kuelekea huku. Kikapu hakijali, kinabeba mahindi yaleyale. Nani mwingine humu anatumia kushoto?"

Dada mmoja, mwanachuo, safu ya katikati, akanyoosha mkono wa kulia. Akautazama, akaushusha, akanyoosha wa kushoto. Ukumbi ukaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka.

"Njoo mbele, dada," nikasema. "Kaa hapa."

Akaja akakaa kando yangu, kama yule mama alivyokaa. Nilimwangalia mikono kwanza, nakiri. Gumba na gumba, yanaangaliana. Nikampa spoku. Akaishika kwa kushoto, akatoboa, akapitisha ukindu, halafu akasita, ananitazama mimi na mimi namtazama yeye machoni.

"Vuta," nikamwambia kwa maiki. "Usiogope. Vuta."